Sura ya Tano: 1969, Mwaka wa Wanafunzi

Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza, linalosomwa hasa na walimu wa fizikia, lilichapisha makala ya kurasa nne yenye waandishi wawili wasiolingana kwa cheo wala kwa umri. Wa pili alikuwa Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia katika chuo kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam. Wa kwanza, yule ambaye jina lake lilitangulia, alikuwa Erasto Mpemba, mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, Moshi. Mwaka huohuo Oxford University Press ilitoa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, kijana wa Kilwa aliyesomea Mlimani. Na mwezi Novemba, wanafunzi wachache wa palepale Mlimani waliuza toleo la kwanza la jarida lao, Cheche, likiwa limepigwa kwa mashine ya saiklostaili na kubanwa kwa pini.

Barafu, jukwaa na siasa. Kwa mtazamo wa haraka mambo haya matatu hayana udugu. Kila moja lina wasimulizi wake: wanasayansi wana hadithi yao ya Mpemba, walimu wa fasihi wana Kinjeketile yao, na wanasiasa wakongwe wana Cheche yao. Lakini yote yalitokana na wanafunzi, na yote yalitoka nje ya darasa kwa sababu kulikuwa na njia ya kutokea. Mtu alijitolea kusikiliza, au jukwaa lilikuwepo, au mashine ya kurudufu ilipatikana usiku.

Mila za vyuo vya Afrika Mashariki, zikitajwa, aghalabu huwa ni zile za mahafali: joho, kofia bapa, wimbo wa taifa, mkuu wa chuo akisoma majina, akina mama wakipiga vigelegele na kuwavika wahitimu mataji ya maua. Sherehe hiyo husherehekea mtu aliyemaliza. Sura hii inaangalia mila nyingine, zile zinazosherehekea kitu alichokitengeneza mtu huyo kabla hajamaliza.

Fizikia ya Mpemba

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Wavulana wa shule hiyo walikuwa na mchezo wa kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka kwenye friza. Nafasi ndani ya friza ilikuwa finyu, na aliyechelewa alikosa. Siku moja Mpemba aliona mwenzake anakimbilia nafasi na mchanganyiko ambao hata haukuchemshwa. Akaamua liwalo na liwe, akayaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu walifungua. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wa fizikia. Mwalimu akamjibu kuwa amechanganyikiwa, jambo kama hilo haliwezekani. Kijana akanyamaza, ila hakusahau. Baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, akasikia kuwa naye huweka maziwa ya moto, kwa kuwa huganda upesi zaidi na biashara haingoji. Wauza aiskrimu walikuwa wanajua jambo ambalo shule ilisema halipo.

Mpemba alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena, safari hii katika somo la sheria ya Newton ya kupoa kwa vitu. Mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likapata msemo. Kila alipokosea hesabu, wenzake walimkumbusha kuwa hiyo ni hisabati ya Mpemba. Siku moja alikuta maabara ya baiolojia iko wazi, akachukua bika mbili, moja akaitia maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziingiza kwenye friza. Aliporudi baada ya saa moja, barafu ilikuwa nyingi zaidi katika bika iliyoanza na maji ya moto.

Ndipo Osborne akaja Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Ulipofika wakati wa maswali, Mpemba alisimama na kuuliza: ukiwa na vyombo viwili vinavyofanana, kimoja kina maji ya nyuzi 35 na kingine ya nyuzi 100, ukaviweka pamoja kwenye friza, kwa nini cha nyuzi 100 huganda kwanza? Wanafunzi walicheka. Osborne alitabasamu na kumwomba arudie swali. Kisha akasema hajui sababu, ila akirudi Dar es Salaam atalijaribu.

Akatimiza ahadi. Alimpa kazi hiyo fundi wa maabara, naye akaleta taarifa kuwa maji ya moto yaliganda kwanza kweli, lakini asiwe na shaka, wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Osborne aliisimulia kauli hiyo kwenye makala bila kuificha. Baadaye majaribio yakafanywa kwa utaratibu. Sentimita za ujazo 70 za maji ziliwekwa katika bika zilizokalishwa juu ya povu la plastiki, na joto likapimwa hatua kwa hatua. Walipofunika uso wa maji kwa utando mwembamba wa mafuta, kuganda kulichelewa sana. Wakahitimisha kuwa joto lilikuwa likitokea hasa juu, na kwamba maji yaliyoanza yakiwa moto yalibaki na uso wenye joto zaidi, hivyo yakaendelea kulipoteza kwa kasi.

Makala yenyewe ina sehemu mbili, na muundo huo ndio unaoitofautisha na makala nyingine za sayansi. Sehemu ya kwanza ni ya Mpemba. Anasimulia kwa maneno yake jinsi alivyoanza, aliyemcheka na alivyojibiwa. Ya pili ni ya Osborne, yenye vipimo na michoro. Mhadhiri angeweza kuandika makala nzima mwenyewe na kumshukuru kijana kwa sentensi moja mwishoni, na wakati ule hakuna ambaye angeshangaa. Badala yake aliiacha sauti ya mwanafunzi itangulie, na tukio hilo likapata jina la Mpemba duniani kote.

Mjadala wenyewe haujaisha. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora, na majibu yapatayo 22,000 yakamiminika. Mpemba, ambaye maisha yake ya kazi aliyatumia katika usimamizi wa wanyamapori, alialikwa London kwenye hafla ya mshindi. Miaka minne baadaye watafiti wawili, Burridge na Linden, walichapisha majaribio yao wakisema hawakuona ushahidi wa kutosha kuwa tukio lipo kama linavyodaiwa. Wengine wamewajibu. Swali la mwanafunzi wa kidato cha tatu bado linawapa watu wenye shahada kazi ya kufanya.

Wazee waliokumbuka 1905

Mlimani kwenyewe kulikuwa bado kupya. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Miaka mitatu baadaye kilihamia kilimani, nje kidogo ya mji, na tangu 1963 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Idara ya historia, chini ya Terence Ranger, ilikabiliwa na tatizo la wazi: nchi ilikuwa huru, lakini historia yake iliyoandikwa ilikuwa ya watawala. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 ndivyo vilivyoonyesha hilo kuliko jambo jingine lolote. Karibu kila kilichoandikwa kuvihusu kilitoka kwa maofisa wa Kijerumani na wamisionari.

Mwaka 1968 idara iliwatuma wanafunzi wake wa shahada ya kwanza kwenda kuuliza. Mradi uliongozwa na John Iliffe pamoja na Gilbert Gwassa, aliyekuwa mwenyewe akitafiti vita hivyo. Hesabu ya miaka iliwaharakisha. Kijana wa miaka 15 aliyeona vita vikianza alikuwa sasa mzee wa miaka 78. Wanafunzi wengi walitoka katika maeneo yaleyale yaliyopigana, au walikuwa na ndugu huko. Walijua lugha, walijua namna ya kubisha hodi, walijua mzee yupi aulizwe na yupi asiulizwe mbele ya mwenzake.

Walirudi na masimulizi ambayo hayakuwa katika faili lolote la Dar es Salaam. Wazee walieleza mashamba ya pamba ya kulazimishwa, ambako watu walilima chini ya akida na jumbe kwa ujira usiofaa kitu, huku mashamba yao wenyewe yakiota magugu. Walieleza jinsi habari za maji ya Ngarambe, dawa iliyoaminiwa kuzuia risasi, zilivyosafiri kutoka kijiji hadi kijiji, na jinsi pamba ilivyong'olewa Nandete, Umatumbi, mwezi Julai 1905, kama tangazo la vita. Walieleza pia mambo ambayo taifa jipya halikuyataka sana: koo zilizokataa kujiunga, majirani waliopigana wao kwa wao, na njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuchoma vyakula, njaa iliyoua wengi kuliko risasi.

Ripoti za wanafunzi zilipigwa chapa, zikarudufiwa na kukusanywa pamoja kama kazi rasmi ya idara. Haukuwa mtihani uliosahihishwa na kufungiwa kabatini. Iliffe alizitumia katika historia yake kubwa ya Tanganyika iliyotoka 1979, na wanahistoria waliomfuata wamezirudia mara nyingi.

Katika mazingira hayo ndipo Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile. Idara ya sanaa za maonyesho ilikuwa imeanzishwa Mlimani mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, na swali lake kubwa lilikuwa tamthilia ya Kiswahili ifananeje. Mpaka wakati huo michezo mingi ya shuleni na chuoni ilikuwa ya Kiingereza, na ile ya Kiswahili ilikuwa hasa vichekesho vifupi. Hussein alichukua historia iliyokuwa ikikusanywa kando yake na kuifanyia jambo ambalo mwanahistoria haruhusiwi kulifanya. Kinjeketile Ngwale wa kweli, mganga wa Ngarambe aliyeyatoa maji hayo, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Wa Hussein anaishi mpaka mwisho. Anayaona maji yake yakishindwa na bunduki, anakamatwa, na anaambiwa aseme mbele ya watu kuwa maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa anajua neno hilo litatumika dhidi ya wajukuu wake.

Mwandishi alitahadharisha katika utangulizi kuwa huyu ni Kinjeketile wa sanaa, si wa historia. Tahadhari hiyo inaonyesha aliandika mbele ya wasomaji gani: watu wa Mlimani, ambao baadhi yao walikuwa wametoka kusikiliza wazee wa Ngarambe na Umatumbi na wangeweza kumsahihisha. Mwaka 1970 Hussein alitoa tafsiri yake mwenyewe kwa Kiingereza. Tamthilia ikaingia shuleni Tanzania na Kenya, na vizazi kadhaa vya wanafunzi vimeujua mwaka 1905 kupitia kwake kabla ya kuujua kupitia kitabu cha historia.

Hakuwa peke yake. Penina Muhando, ambaye baadaye alijulikana kama Profesa Penina Mlama, alitokea idara hiyohiyo na kuchapisha Hatia mwaka 1972, tamthilia inayomhusu msichana mjamzito na kijiji chake. Euphrase Kezilahabi alihitimu Mlimani 1970 na mwaka uliofuata ikatoka Rosa Mistika, riwaya iliyozua mabishano makali kiasi cha kupigwa marufuku shuleni. Ndani ya miaka mitatu kutoka 1969, kilima kimoja kilikuwa kimebadilisha tamthilia na riwaya ya Kiswahili.

Stensili na wino

Cheche ilikuwa na hasira zaidi. Ilitolewa na USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi kilichoanzishwa Mlimani mwishoni mwa 1967, pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU la chuoni. Mwenyekiti wa kwanza wa USARF alikuwa mwanafunzi kutoka Uganda, Yoweri Museveni, baadaye Rais wa nchi hiyo. Wahariri wa jarida walikuwa Karim Hirji, aliyesoma hisabati, Henry Mapolu, na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Fedha ya Tanzania. Jina lilifuata Iskra, gazeti la Lenin, na The Spark la Nkrumah.

Uchapaji ulikuwa wa jasho. Kila ukurasa ulipigwa taipu juu ya stensili, na kosa moja lilizibwa kwa dawa na kusubiriwa likauke. Stensili ikavalishwa kwenye mashine, wino ukamwagwa, karatasi zikatoka moja moja, kisha zikapangwa na kubanwa kwa mkono. Walioandika ndio waliopiga taipu, waliopiga taipu ndio waliouza. Hakukuwa na mfadhili wala matangazo ya biashara.

Vijana hawa hawakuridhika na kusoma vitabu. Mwaka 1968 Museveni na wenzake kadhaa walikwenda Msumbiji, katika maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO, na tasnifu yake ya shahada ya kwanza ikapima nadharia ya Frantz Fanon kuhusu matumizi ya nguvu kwa yale aliyoyaona huko. Tasnifu hiyo haikuishia kwa msahihishaji. Nathan Shamuyarira, mhadhiri kutoka Zimbabwe, aliiingiza katika kitabu cha insha kuhusu ukombozi wa kusini mwa Afrika kilichotolewa na Tanzania Publishing House. Mtu anaweza kutokubaliana na hoja zake, hasa akijua alikofika mwandishi baadaye, lakini ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa kazi ya mwanafunzi iliyosomwa kama kazi ya mtu mzima.

Septemba 1970 Cheche ilitoa toleo maalumu lenye insha moja ndefu ya Issa Shivji, kijana wa sheria mwenye miaka 24, kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimya ndani ya Tanzania. Alidai kuwa mashirika yaliyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha bado yalikuwa yamefungwa na mikataba ya uendeshaji iliyotiwa saini na makampuni ya nje, na kwamba urasimu mpya ulikuwa ukinufaika. Hoja hiyo haikuwa ya kusemwa kwa sauti katika nchi yenye chama kimoja. Walimu, Walter Rodney na John Saul miongoni mwao, waliijadili kwa maandishi, kwa kukubali na kwa kupinga, kama wangeijadili kazi ya mwenzao.

Novemba 1970 USARF na Cheche vyote vilipigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ni kuwa Tanzania ilikuwa na chama chake cha vijana na itikadi yake, na haikuhitaji jina lililonuka itikadi ya kigeni. Wanafunzi walijibu kwa utii wenye ncha. Mwaka 1971 tawi la vijana wa TANU chuoni likatoa jarida jipya, na jina lake lilikuwa MajiMaji. Hakuna aliyeweza kusema jina hilo limetoka Moscow. Vita ambavyo wanafunzi wa historia walivifuata vijijini miaka mitatu nyuma, na ambavyo Hussein alivipandisha jukwaani, sasa viliwapa wahariri mahali pa kusimama. Insha ya Shivji ilichapishwa kama kitabu mwaka 1973, na Hirji, baada ya kazi ndefu ya kufundisha takwimu za tiba, alikusanya kumbukumbu za wahusika katika kitabu kilichotoka 2010.

Kilima kingine

Mlimani haikuanza yenyewe. Makerere, iliyofunguliwa Kampala mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi ya wanafunzi 14, nayo 14, ilikuwa tayari na desturi ya kuwashindanisha wanafunzi hadharani. Julius Nyerere alisoma huko kuanzia 1943 hadi 1945. Mwaka 1944 aliandika insha ndefu kuhusu uhuru wa wanawake, akiyapima maisha ya Wazanaki kwa fikra za John Stuart Mill, na baada ya kifo chake insha hiyo ikachapishwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi aliyeandika hivyo ndiye aliyekuwa Rais wakati wanafunzi wa Mlimani wanaandika Cheche.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mabweni ya Makerere yalishindana kwa michezo ya kuigiza na ushairi kama yalivyoshindana kwa mpira. Ngũgĩ wa Thiong'o aliliandikia tamthilia fupi bweni lake, Northcote, ambalo leo linaitwa Nsibirwa. Idara ya Kiingereza ilikuwa na jarida, Penpoint, lililoanza 1958 na kuhaririwa na wanafunzi. Ngũgĩ alieleza mara nyingi jinsi alivyoingia humo: alimsimamisha Jonathan Kariara, mwanafunzi aliyemtangulia, akamwambia ameandika hadithi na angependa aisome. Hakuwa ameandika chochote. Kwa kuwa alikwisha kusema, ilibidi aende akaandike. Mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru, wanafunzi waliigiza The Black Hermit, tamthilia yake, katika Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Kampala. Mhadhiri David Cook alikusanya kazi za wanafunzi wa Makerere katika kitabu kilichotolewa na Heinemann mwaka 1965, na mwaka huohuo akasaidia kuanzisha kundi la maonyesho ya kusafiri lililotumia likizo kuwaigizia watu wa Uganda na Kenya kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine za huko. Nairobi ilipata kundi lake la namna hiyo mwaka 1974, likianzishwa na John Ruganda, mwandishi wa Uganda aliyepitia Makerere.

Mzee Punch

Kuna mila ya Mlimani ambayo wahitimu wa zamani huisimulia wakicheka mwanzoni, kisha wanapunguza sauti. Kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1970, mtu au watu wasiojulikana walibandika kutani karatasi zilizoandikwa kwa mkono na michoro ya dhihaka. Mwandishi aliitwa Mzee Punch. Aliwakejeli viongozi wa wanafunzi, wahadhiri na utawala, na katika miaka ambayo karibu magazeti yote yalikuwa ya chama au serikali, kejeli hiyo ilionekana kama dirisha.

Lakini Mzee Punch alikuwa na mawindo aliyoyapenda zaidi: wanafunzi wa kike. Msichana aliyemkataa mvulana, au aliyetembea na mtu asiyetakiwa, aliamka akajikuta ukutani, amechorwa na kutukanwa, huku wenzake wakikatazwa kusema naye. Februari 1990 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kusumbuliwa kwa namna hiyo. Wanaharakati na waandishi wa habari wanawake walipaza sauti, na Mzee Punch akapigwa marufuku.

Tofauti kati ya ukuta ule na kurasa za Cheche ni moja inayoonekana kwa macho. Cheche ilikuwa na majina. Shivji aliweka lake juu ya insha iliyoweza kumponza, Rodney akaweka lake juu ya jibu. Mzee Punch hakuwahi kuweka jina, na aliyedhalilishwa hakuwa na mtu wa kumjibu.

Wiki, mashindano, tamasha

Siku hizi vyuo vina kalenda. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Wiki ya Utafiti na Ubunifu, ambapo kazi za wahadhiri na wanafunzi huwekwa kwenye mabango na meza, majaji hupita wakiuliza maswali, na washindi hupewa vyeti. Tangu 2019 Wizara ya Elimu imekuwa na Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, maarufu kama MAKISATU, yanayowaweka wanafunzi wa vyuo na shule pamoja na wabunifu wa mitaani ambao hawakumaliza shule. Mtu akipita mabanda hayo anaona mashine za kubangua, mifumo ya umwagiliaji inayoendeshwa kwa simu, na vijana wanaojua kueleza bei ya kila waya.

Bagamoyo ndiyo yenye mila ndefu kuliko zote hizo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa huko mwaka 1981, na mwaka uliofuata kikaanza tamasha ambalo limeendelea karibu kila mwaka. Ngoma, sarakasi, maigizo na muziki wa wanafunzi huonyeshwa pamoja na kazi za vikundi wageni, na wakazi wa mji, watoto kwa wazee, ndio watazamaji. Jumba kuu la maonyesho liliungua mwaka 2002 na kujengwa upya. Mwaka 2007 chuo kikawa taasisi, TaSUBa. Mwanafunzi wa Bagamoyo anajua tangu siku ya kwanza kuwa kazi yake itaonekana na mvuvi na muuza samaki kabla ya kuonekana na mtoa alama.

Mwanafunzi wa kawaida wa chuo kikuu hana uhakika huo. Hukaa kwenye vimbweta mpaka usiku akiandika ripoti yake ya utafiti, huenda steshenari kuprinti na kujalidi, huikabidhi idarani, hupata maksi. Nakala hubaki rafuni. Maonyesho ya wiki moja huwapa nafasi wachache wenye kitu cha kushikika, kama mtambo au programu ya simu. Aliyehoji wazee ishirini kuhusu mgogoro wa ardhi hana cha kuweka mezani isipokuwa karatasi. Lililofanyika 1968 lilikuwa tofauti kwa jambo moja la kiutawala: idara iliamua kabla wanafunzi hawajaondoka kwamba watakacholeta kitarudufiwa, kitatiwa namba na kuhifadhiwa.

Uamuzi huo bado unalipa. Mwaka 2010 kundi la wanahistoria lilitoa kitabu kipya kuhusu Maji Maji, likihoji mengi ya yale yaliyoaminiwa miaka ya 1960, pamoja na dhana kwamba vita vile vilikuwa vya taifa zima. Ili kuhoji, walilazimika kurudi kwenye ripoti za wanafunzi, kwa sababu wazee wale hawapo tena. Katika tanbihi za vitabu vya namna hii ripoti hizo hutajwa kwa herufi MMRP zikifuatwa na msururu wa namba, na katika msururu huo kuna 68, mwaka ambao vijana wa shahada ya kwanza walikwenda likizo na maswali ya idara mkononi.